Kisu cha Kijapani kwenye jiko la Mikindani

"Shikamoo fundi. Nina kibanda cha chakula Mikindani, nauza wali na samaki, pweza wa nazi, na Ijumaa napika kuku. Kaka yangu anasoma Osaka na Desemba anakuja likizo. Aliponiuliza anibebee zawadi gani nikamwambia kisu cha Kijapani, maana nimeona kwenye simu kinavyopita kwenye nyanya. Lakini shoga yangu wa Shangani aliletewa kimoja, ndani ya wiki kikaota kutu, na siku aliyopasulia nazi makali yakamegeka kama meno. Watu wanasema cha Kijapani halisi hakishiki kutu wala hakinolewi, kwa hiyo kile kilikuwa feki. Ni kweli? Nimwambie kaka aninunulie kipi, chenye mawimbi au cha kawaida? Huku anayenoa ni yule wa baiskeli tu. Halafu mimi ni wa mkono wa shoto, sijui kama hilo nalo linahusika."

Marahaba, binti yangu. Hilo la mkono wa shoto linahusika sana, na umefanya vizuri kulisema, kwa sababu kaka yako akiingia dukani bila kulijua anaweza kutoka na kisu kizuri ambacho wewe hutaweza kukitumia. Nitalifikia. Kwanza nikisemee kisu cha shoga yako.

Sidhani kilikuwa feki. Kutu ndani ya wiki na makali kumegeka ni dalili za kisu halisi kabisa kilichotumiwa kama tunavyotumia visu vyetu vya dukani. Kisu cha chuma laini kingepiga ile nazi kikajikunja tu, angekipitisha kwenye sakafu ya saruji mara tatu na kazi ikaendelea. Cha Kijapani hakijikunji. Kikizidiwa kinavunjika. Fikiria sufuria na chungu: vikianguka pamoja, sufuria inabonyea na chungu kinapasuka. Hakuna anayesema chungu kile kilikuwa feki.

Ugumu wa chuma cha kisu hupimwa kwa kipimo kiitwacho Rockwell. Visu vingi vya jikoni, hata vya Ulaya vinavyosifiwa, viko kati ya 54 na 58. Vya Kijapani vizuri huanzia 60 na vingine hufika 64. Tofauti hiyo kwa namba ni ndogo, lakini mkononi ni kubwa. Chuma kigumu kinakubali kunolewa chembamba sana, kwa pembe ya nyuzi 15 kila upande au pungufu, ambapo kisu cha kawaida hunolewa kama nyuzi 20. Wembamba huo ndio uliouona ukipita kwenye nyanya, na ugumu ndio unaoufanya udumu bila kulala upande. Ila ugumu huohuo umekinyima kisu uwezo wa kustahimili kupigwa na kupindishwa. Hakuna duka Japani litakalokuuzia ukali huo bila udhaifu huo, na kaka yako asikubali kuambiwa kwamba lipo.

Kwa nini Wajapani walikwenda njia hiyo? Jiko lao limejengwa juu ya samaki na mboga, na samaki wengi huliwa wabichi, wamekatwa vipande ambavyo uso wake lazima uteleze. Kisu butu kinaikamua nyama ya samaki maji yake. Mafundi nao walikuwepo tangu zamani. Mji wa Sakai, ulio ndani ya mkoa huohuo wa Osaka anakosoma kaka yako, una karne nyingi za kufua visu, na uliwahi kusifika kwa visu vya kukatia tumbaku. Mwaka 1876 serikali ya Japani ilipopiga marufuku watu kutembea na panga hadharani, wafua panga wengi waligeukia visu vya jikoni. Mpaka leo kwenye karakana za Sakai mmoja anafua, mwingine ananoa, wa tatu anatia mpini, na kila mmoja ameshika hatua yake maisha yake yote. Kusini huku tunawajua watu wa namna hiyo. Mchonga vinyago wa Kimakonde hataki mtu aguse patasi yake, na muda anaokaa na kinoo unaweza kuulinganisha na muda anaokaa na mpingo wenyewe.

Sasa kutu, na hapa naomba usikimbie, maana ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Visu vya Kijapani viko vya koo mbili. Kuna vya chuma cha kaboni, na vinavyojulikana zaidi ni shirogami na aogami, yaani "karatasi nyeupe" na "karatasi ya bluu". Majina hayo yametokana na rangi za karatasi ambazo kiwanda cha Yasugi kilitumia kutofautisha vyuma vyake. Hivi hunoleka upesi na hupata makali ya ajabu, lakini havina kinga dhidi ya kutu. Ukikata ndimu ukakiacha mezani ukaenda kumpakulia mteja, unakuta vidoa vya rangi ya chungwa. Yalinipata mwenyewe. Kisu changu cha kwanza cha shirogami nilikatia embe bichi la kachumbari, nikakiweka kando, nikaenda kuswali magharibi. Niliporudi bapa zima lilikuwa limebadilika rangi, na pale matone yalipokaa palikuwa pamechimbika. Zile alama hazijafutika mpaka leo.

Ukoo wa pili ni wa vyuma vilivyotiwa kromi. Kinachotajwa sana kinaitwa VG10, kimebuniwa na kiwanda cha Takefu mkoani Fukui, nacho kina kromi kama asilimia 15. Kromi ikikutana na hewa inajitandaza kuwa utando mwembamba usioonekana, na utando huo ndio unaozuia kutu. Ukikwaruzwa unajirudisha wenyewe. Lakini una adui, naye ni chumvi. Chumvi inautoboa utando mahali padogo padogo, na unyevu ukikaa hapo chuma kinaliwa kwa ndani. Mikindani unapika mita chache kutoka baharini. Chumvi iko kwenye samaki, iko kwenye vidole vyako, na upepo unaipandisha kutoka pwani mpaka kwenye kuta za kibanda. Kwa hiyo anayekwambia kisu cha Kijapani hakishiki kutu anasema habari za jiko lililo mbali na bahari. Kwako, hata hicho chenye kromi kitashika ukikilaza na maji ya samaki. Tofauti ni kwamba cha kromi kinakupa muda wa kumaliza kumpakulia mteja. Cha kaboni hakikupi.

Kwa ajili hiyo nakushauri waziwazi: usichukue cha kaboni. Mimi ninavyo na ninavipenda, lakini nafanya kazi na kisu kimoja na kitambaa kimoja mkononi. Wewe una moto, una wateja, una msichana wa kazi ambaye naye atakishika. Chagua VG10, au vyuma vingine vya aina hiyo kama ginsan au AUS-10, na hutajuta.

Tuje kwenye umbo, na hapa ndipo mkono wako wa shoto unapoingia.

Ukitafuta kisu cha samaki cha Kijapani utaonyeshwa deba. Ni kinene mgongoni, kizito, kimeumbwa kukata kichwa cha samaki na kuachanisha minofu na mfupa. Utaonyeshwa pia yanagiba, kirefu chembamba cha kukatia samaki mbichi. Vyote viwili hunolewa upande mmoja tu, na upande huo umewekwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Wewe ukikishika, kisu kinavuta upande usioutaka, kipande kinatoka kimekwenda mshazari, na utadhani tatizo ni mkono wako. Vya shoto vipo, lakini mara nyingi ni vya kuagiza na bei yake iko juu. Kwa kisu cha kwanza achana navyo.

Unachotaka ni kisu kilichonolewa pande zote mbili. Viwili vinakufaa. Santoku ina urefu wa milimita 165 hadi 180, na jina lake maana yake ni "sifa tatu", ambazo wengi huzitafsiri kuwa nyama, samaki na mboga. Gyuto ni ndefu zaidi, ina ncha kali, na jina lake ni "upanga wa ng'ombe", kwa sababu ilikuja pale Wajapani walipoanza kula nyama ya ng'ombe kwa mtindo wa Ulaya. Kama kibao chako cha kukatia ni kidogo, chukua santoku. Kama kinazidi sentimita 35, mimi ningechukua gyuto ya milimita 210, maana ukimpata kolekole mkubwa utaweza kuvuta kisu mara moja kutoka mgongoni mpaka tumboni, na mnofu utatoka laini bila kukwaruzwa.

Kaka yako aulize mambo mawili kwa ajili ya mkono wako. Kwanza, je, makali yamegawanywa sawa pande zote? Baadhi ya visu hivi, hata vya pande mbili, huegemezwa zaidi upande wa kulia. Pili, aangalie mpini. Ipo mipini ya Kijapani yenye tuta upande mmoja, kama herufi D, ambayo inakaa vizuri kwenye kiganja cha kulia na inakera kwenye cha shoto. Achukue wa duara dufu, wa pembe nane, au wa Kizungu wenye misumari.

Yale mawimbi yanayoonekana kwenye bapa usiyalipie. Ni tabaka za chuma laini zilizofunikwa juu ya chuma kigumu cha katikati, na kinachokata ni hicho cha katikati peke yake. Kwenye kisu halisi mawimbi ni urembo mzuri, sikatai, na tabaka za nje hulinda kiini kigumu, lakini kisu kisicho na mawimbi chaweza kuwa na kinga hiyohiyo. Na siku hizi yapo mawimbi yaliyochorwa juu ya chuma duni kwa tindikali au mwanga wa leza. Kisu kinachostahili kuaminiwa kinataja jina la chuma chake na mji kilikotengenezwa. Kikijisifu tu kuwa ni "cha mtindo wa Kijapani" bila kutaja chuma, kiachwe.

Kuhusu bei, kwa yeni 10,000 hadi 20,000 atapata kisu cha kukufaa miaka mingi, na zaidi ya hapo kwa kazi yako utakuwa unalipia jina na urembo. Anaweza kwenda Sakai kwa treni siku moja akarudi. Akikinunua akiache ndani ya boksi lake mpaka afike kwake, kwa sababu sheria ya Japani inakataza kutembea na kisu chenye bapa linalozidi sentimita 6 bila sababu ya msingi, na kisu kilichofungwa kama bidhaa hakizui maswali. Kwenye ndege kikae kwenye begi la kukabidhi, kamwe si la mkononi.

Na kwenye safari hiyohiyo anunue kinoo. Nasema hivi kwa uzito wote: kama pesa haitoshi vyote viwili, ashushe bei ya kisu ili kinoo kiingie. Lile neno kwamba cha Kijapani hakinolewi ndilo linaloumiza watu zaidi, kwa sababu linaaminika. Kila chuma kinachogusa kibao kinalika. Cha Kijapani kinachelewa tu, na kikishakuwa butu kinakuwa hatari kuliko cha kawaida, maana mwenye nacho anazidisha nguvu akidhani bado ni kikali. Wazee walisema kinolewacho hupata, na hawakuacha kisu chochote nje ya maneno hayo.

Vinoo vya Kijapani hutumia maji, na vina namba. Namba ndogo ni mkwaruzo mkubwa. Cha 400 ni cha kurekebisha pengo, cha 1000 ni cha kazi ya kila siku, cha 3000 kwenda juu ni cha kulainisha. Wewe unahitaji cha 1000, ambacho Japani hupatikana kwa yeni elfu tatu mpaka tano hivi. Vingi huloweshwa kwanza mpaka viputo viishe, kama dakika kumi, lakini vipo vinavyotaka kunyunyiziwa tu na ukiviloweka vinapasuka, kwa hiyo kaka akutafsirie maandishi ya kwenye boksi.

Siku ya kunoa, tandika taulo lililolowa mezani, weka kinoo juu yake kisiteleze. Shika mpini kwa shoto, lalisha bapa juu ya jiwe, kisha inua mgongo kidogo. Kidogo kiasi gani? Kisu chenye upana wa milimita 45 kutoka mgongoni hadi kwenye makali, ukiinua mgongo wake milimita 12 umepata karibu nyuzi 15. Pima kwa rula mara ya kwanza, ona ni ncha ya kidole chako kipi inayoingia pale, na kuanzia hapo kidole hicho ndicho kipimo chako. Vidole vya mkono wa pili vikae juu ya bapa, karibu na makali lakini visiyapite. Sukuma na vuta taratibu, ukibonyeza kisu kinapoelekea mbele na kulegeza kinaporudi. Litatoka tope la kijivu. Usilioshe, hilo ndilo linalonoa.

Utajuaje kwamba upande huo umetosha? Usihesabu mara. Futa kisu, kisha pitisha dole gumba kutoka mgongoni kwenda nje ya makali, upande ule ambao hukuunoa. Utasikia kitu kinakwaruza ngozi kama ukingo wa bati. Hicho ni chuma kilichosukumwa kutoka upande wa pili kikajikunja. Kikisikika kuanzia kisiginoni, pale makali yanapokaribia mpini, mpaka kwenye ncha, bila kukatika, upande huo umekwisha. Pasipokwaruza hapajafikiwa, parudie hapo hapo. Geuza, fanya upande wa pili mpaka mkunjo uhamie. Malizia kwa kupitisha mara moja moja kila upande, mkono mwepesi kama unampangusa mtoto uso, mpaka mkwaruzo uishe pande zote. Watu wengi wanaishia kabla ya hapa, wanakata nyanya, wanafurahi, na kesho yake makali yamepotea, kwa sababu walikuwa wanakatia ule mkunjo na umevunjika.

Kwa kibanda kinachopika kila siku, noa kila baada ya wiki moja au mbili, robo saa tu. Kinoo chenyewe hubonyea katikati. Kichore mistari ya penseli, kisugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo au kigae kilichonyooka, mistari ikifutika yote kimenyooka. Kile chuma cha duara chenye michirizi wanachotumia wauza nyama usikiguse na kisu hiki. Kinafaa kwa chuma laini, ambacho kinanyooshwa. Kigumu kinang'olewa vipande usivyoviona.

Yule wa baiskeli simdharau. Anatuokoa kwa majembe, mapanga na mikasi. Lakini gurudumu lake ni kavu na linakwenda kasi, na hapa kuna jambo ambalo halionekani kwa macho. Kisu cha Kijapani kilipotolewa motoni na kuzimwa ghafla kilipashwa tena kidogo tu, karibu nyuzi joto 200, ili kibaki kigumu. Kikipashwa zaidi ya hapo ugumu unapungua na haurudi mpaka kipashwe na kuzimwa upya. Cheche za gurudumu zinaipeleka ncha nyembamba huko kwa nukta chache. Ukiona msitari wa bluu kwenye makali, pale palifika karibu nyuzi 300 au zaidi, na chuma hicho kimepoteza ugumu ulioulipia. Nimeletewa visu viwili vya namna hiyo. Nilichoweza kufanya ni kusaga chuma chote kilichoungua mpaka nifike kizima, na kisu kikarudi kwa mwenyewe kimepungua upana.

Kazi za kukinyima ni hizi, na mweleze msichana wako siku ya kwanza kabla hajakishika. Nazi haipasuliwi nacho, wala dafu. Samaki hapaiwi nacho, magamba yana kisu chake cha zamani. Nguru wa vipande, kata nyama mpaka ufike kwenye uti wa mgongo, kisha weka kisu chini, chukua panga. Kuku mkate kwenye maungio, mfupa wenyewe usiguswe. Samaki wa barafu angoje ayeyuke. Na muhogo mbichi au boga: kisu kikikwama ndani usikipindishe kulia na kushoto ili kitoke, kwa sababu wembamba ule hauwezi kupindishwa. Kirudishe kilikoingilia. Visu vingi vilivyomegeka ambavyo nimevishika havikugonga kitu kigumu, vilipindishwa tu.

Jambo jingine la kwetu: tumezoea kukata kitunguu na kisamvu mkononi, bila kibao. Kisu butu kinakusamehe. Hiki hakitakusamehe. Kata juu ya kibao, na kibao kiwe cha mti wa kiasi, mwembe unafaa, au cha plastiki kwa ajili ya samaki. Kioo, kigae na sahani vinaua makali kwa siku moja. Mpingo, pamoja na kwamba ni fahari yetu, ni mgumu mno kwa kibao. Mti ambao kipande chake kinazama majini si wa kukatia juu yake. Kwa mpini ndiyo, hauna mfano: haunywi maji, hauvimbi, na kama siku moja mpini wa kisu chako utaoza kwa unyevu, mpelekee mchongaji kipande cha mpingo akutengenezee mwingine.

Kuosha ni maji, sabuni na upande laini wa sponji, palepale ulipomaliza. Usikitumbukize kwenye beseni la vyombo, kitagongana na visahani na mtu ataingiza mkono asikione. Stilwaya, majivu na mchanga ni vya sufuria. Jiki ni ya kibao, na kisu kisikae karibu nayo, kwa sababu inatoboa utando wa kromi kama chumvi inavyofanya. Kisha kikaushe. Tafuta kipande cha kanga kuukuu kikae begani au kiunoni kwa kazi hiyo tu. Ukikata ndimu, ukwaju, embe au mabibo, pangusa kabla ya kushika kitu kingine. Mabibo hasa, kwa sababu ule ukakasi unaokaza ulimi ndio unaokiachia chuma weusi.

Usiku kilale kwenye ala ya mbao iliyo kavu au juu ya rafu, mbali na dirisha linalotazama bahari. Gazeti linavuta unyevu, usikifungie humo. Ukifunga kibanda kwa siku kadhaa, kipake mafuta kidogo. Wajapani hutumia mafuta ya mmea uitwao tsubaki. Ya nazi yanafaa kabisa, kwa kuwa hayaharibiki upesi, ila yawe yamechujwa vizuri. Ya kupika nyumbani yakibaki na maji chini yake, unakuwa umekipaka kutu.

Nimekwambia mengi, na sitaki ujisikie umefungwa. Inawezekana baada ya kusoma haya ukaona kibanda chako hakina nafasi ya kisu kinachodai kitambaa, kibao na robo saa kila wiki. Hiyo ni sababu ya kutosha kubadilisha zawadi. Kisu laini cha kawaida, kikinolewa kwa kinoo cha 1000, kitakata nyanya bila kuibonyeza, kitavumilia mikono ya kila mtu, na utakinoa mara nyingi zaidi, basi. Wapishi wengi wazuri wa pwani hii hawajawahi kushika cha Kijapani, na samaki wao unamjua.

Ukiamua kukichukua, yapo mambo ambayo usijaribu peke yako. Pengo linalozidi milimita moja, ncha iliyokatika, bapa lililopinda ukilitazama kwa mgongo, au mpini unaocheza: peleka kwa mtu anayenoa kwa jiwe na maji. Kabla ya kumpa, mpe kisu chako cha zamani akinoe ukimwangalia. Akikausha jiwe na kuzidisha kasi, mshukuru, lipa, ondoka na cha Kijapani mkobani. Wachongaji wa vinyago Mtwara mjini wana mikono inayojua jiwe, anzia kwao. Na ukijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia. Damu isipokoma, au kidole kikiwa na ganzi, au kisipokunjika, nenda hospitali saa hiyohiyo, maana huenda mshipa au ukano umeguswa, na ukano ukichelewa kushonwa ni kazi kubwa. Kidonda kilichoingia maji ya samaki kikianza kuvimba na kuwaka, nacho ni cha hospitali, usikitibu kwa chumvi.

Mwandikie kaka yako hivi: "Gyuto ya milimita 210, au santoku ya 180, chuma VG10 au ginsan, makali sawa pande zote mbili, mpini usio wa herufi D, bila mawimbi. Na kinoo namba 1000. Vyote kwenye begi kubwa." Kabla hajafika, anza na kinoo chochote utakachopata na kisu ulichonacho, ukitafuta ule mkwaruzo kwa dole gumba. Vikifika na vikakushinda, njoo na kisu, kinoo na kibao chako pia, nione unavyosimama unapokata.